Bunduki ya Kitako cha Mninga

Raya mwanangu,

Tumekwisha kusalimiana leo asubuhi ulipopita na kikombe chako cha chai, kwa hiyo naanza moja kwa moja. Sasa ni baada ya alasiri, nimekaa sablani, chumba chetu cha wageni, na mlango nimeurudisha. Kesho unaondoka Ibra, na keshokutwa, inshallah, utaamkia Morogoro. Mambo ya dawa za malaria, chandarua na kutotembea peke yako jioni, mama yako ameshayasema na atayasema tena mpaka uwanja wa ndege. Mimi siyarudii. Nimeshika kalamu kwa sababu ya jambo moja ambalo nimelikwepa miaka minane, na wewe umo ndani yake bila kujua.

Naandika kwa Kiswahili maana Kiarabu changu ni cha ofisini, kinafaa kuombea likizo. Ukikwama kwenye neno, muulize mtu yeyote huko. Utakuwa umezungukwa na watu wanaokijua kuliko baba yako.

Jambo lenyewe linahusu ile bunduki. Wewe unaijua kama ilivyo leo, na mbao yake nyekundu na ile darubini nyembamba mgongoni, imefungiwa ndani ya kabati la chuma pamoja na karatasi za kibali chake. Na unajua kwa nini niliijenga. Babu yako, baba yangu, alikuwa na bunduki ya namna hiyo tulipokuwa na duka Sikonge, kusini ya Tabora. Ilikuwa ya askari wa Kiingereza, aina waliyopewa walenga shabaha wakati wa vita, nayo ikaishia mikononi mwa mwenye duka. Alikuwa na leseni ya kuwinda, na mara mbili tatu kwa mwaka aliingia porini kutafuta nyama. Halafu macho yakamchoka, akaagiza miwani Tabora, akaacha kuwinda. Ndivyo tulivyokusimulia. Tulipohamia Oman bunduki ilibaki, na mimi nikabaki na picha yake moja.

Alipofariki babu yako wa upande wa mama, alituachia bunduki ya askari wa zamani, hizi ambazo hapa wanaziita kanad. Mbao ilikuwa imeliwa na mchwa lakini chuma kilikuwa kizima. Kibali kikahamishwa kwa jina langu. Nilipoishika mara ya kwanza nikajua nitafanya nini nayo. Nitaijenga iwe kama ile ya Sikonge, na darubini yake, na mkanda wake wa ngozi. Hapa kuwinda hakuruhusiwi, na silalamiki, lakini mashindano ya bunduki za zamani yapo. Nikasema itajengwa iwe tayari hata kwa kongoni, ingawa kazi yake itakuwa kutoboa ubao mweupe.

Fundi bunduki wa Nizwa, mwenye leseni, alikagua chuma, akabadilisha mtutu na kufunga vishikio vya darubini. Ikabaki mbao, na kwa mbao nilikuwa na mtu mmoja tu, naye ni ami yako Hemed.

Hemed na mimi tulikuja nchi hii mwaka mmoja, tukapanga chumba kimoja Sur tukiwa vijana. Yeye alizaliwa Unguja mjini, na mpaka leo Kiswahili changu cha bara kinamchekesha. Nikisema nyanya, yeye anasema tungule, na ananitazama mpaka nijirekebishe. Mimi nikapata ofisi, nikahamia Ibra. Yeye akabaki Sur na randa yake. Milango ya nusu ya mtaa wao ameichonga yeye. Watu wa mashindano walipogundua kwamba anaweza kuchonga mbao ya bunduki, mti wote tangu kitako mpaka chini ya mtutu, wakaanza kumpelekea kazi. Alizipenda kazi zile kuliko milango.

Nilimpelekea ubao wa mninga ulioletwa na ndugu zetu kutoka Sikonge. Aliunusa kwanza. Halafu akafanya kazi majira yote ya joto, na mimi nikishuka Sur kila nilipopata nafasi. Alipomaliza hakunikabidhi mara moja, aliishika mbao kifuani akanipa maagizo. Akasema, "Said, hii imekaa na mimi hapa karibu na bahari, imekunywa unyevu. Kwenu Ibra hewa ni kavu. Iache ndani ya nyumba, usiiguse, mpaka baada ya Ramadhani. Itajikunja kidogo. Halafu niletee niimalizie. Usiikaze skrubu kabla."

Nikamwambia sawa.

Raya, kulikuwa na mashindano wiki tatu baadaye, kwenye wadi, bonde la mto mkavu, upande wa Birkat al Mauz. Wenzangu wa ofisini walikuwa wanakuja. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini, na miaka yote hiyo walinijua kama mtu wa kugonga mihuri. Nilitaka wanione nimelala nyuma ya bunduki ile. Hiyo ndiyo sababu yote, na nimeitafuta nyingine bora kuliko hiyo nikaikosa.

Kwa hiyo niliikaza. Nilifanya kazi jioni tatu mfululizo hapa uani. Nilipaka rangi ya mdomo ya mama yako kwenye chuma, nikakibandika kwenye mbao, na kila palipoacha alama nyekundu nikapakwangua kwa patasi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ulicheka sana kuniona na ile rangi vidoleni. Skrubu ya nyuma ilikuwa inagoma. Nikaongeza nguvu.

Siku ya mashindano risasi nne za mwanzo zilikwenda vizuri. Jua lilipopanda zikaanza kuhamia kushoto, kila moja mbele ya mwenzake, na mimi nikazungusha darubini kuzifuata. Risasi ya tisa nikasikia mlio mkavu chini ya shavu langu. Shingo ya kitako ilikuwa imepasuka, ufa wa urefu wa kidole. Hakuna aliyeumia, lakini msimamizi aliniinua na bunduki ikawekwa pembeni.

Watu wakakusanyika kuutazama ufa. Mtu mmoja wa Nizwa akauliza mbao ile kazi ya nani. Nikajibu: "Fundi wa Sur. Nadhani mbao hakuikausha."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Neno lilinitoka kama chafya. Watatu kati ya waliokuwa pale walikuwa na mbao zao kwa Hemed wakati ule ule, zinachongwa. Niliwaona wakitazamana, na nilikuwa na muda wa kutosha kabisa wa kusema la, ni mimi niliyeharakisha. Nikanywa maji.

Zile mbao tatu zilirudishwa kwa wenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Hemed alinipigia simu. Niliitazama ikilia. Akapiga tena, siku nyingi, halafu akaacha.

Sasa nafika kwako. Siku moja ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mlango uligongwa. Nilichungulia dirishani nikaona gari lake. Wewe ulikuwa ukipita ukumbini, nikakwambia, "Mwambie baba hayupo." Ulinitazama kidogo, kwa sababu nilikuwepo, halafu ukaenda ukafungua. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa chumba. Alikuulizia shule, akakupa kikapu cha tende. Akasema, "Msalimie baba yako. Mwambie nilitaka kuiona ile mbao tu."

Ulinirudia ukanipa salamu zote, neno kwa neno, na kikapu. Baada ya miezi ukaanza kuuliza mbona ami Hemed haji, nami nikasema ana shughuli nyingi. Ulikubali, kwa sababu nilikuwa baba yako.

Ilipita miaka minne. Usidhani nilikuwa nikiteseka usiku na mchana. Nilistaafu, nikapanda ndimu, nikaenda umra na mama yako, tukacheka sana. Jambo lile lilikuwa limekaa mahali pake, na mimi nilijua nisipite hapo. Mtu anaweza kuishi hivyo, na ndiyo maana ni hatari.

Halafu mama yako alikwenda harusini Sur. Alikaa mkeka mmoja na Bi Moza, mke wa Hemed. Aliporudi, tukiwa tunakula, akanisimulia habari za bibi harusi, na vyakula, na katikati akasema kwamba Hemed siku hizi hafanyi tena kazi za kuchonga. Anatengeneza vitanda vya mbao za kukatwa na mashine na rafu za maduka. Bi Moza alimwambia kwamba mumewe anasema mikono yake imezeeka, haijui tena mbao iliyokauka na mbichi.

Nikaacha kula. Mama yako akauliza pilau ina nini. Nikamwambia haina kitu.

Hapa lazima nikusimulie habari ya babu yako kama ilivyokuwa, maana hiyo ndiyo iliyonijia palepale na tonge mkononi.

Nilikuwa na miaka kama kumi na minne. Baba alinichukua porini pamoja na mzee mmoja Mnyamwezi aliyekuwa hodari wa kufuata nyayo. Mimi nilipewa bunduki niibebe, na nilijiona mtu mkubwa. Tukishuka kwenye kijito kikavu niliteleza. Bunduki iliniponyoka, na darubini ikagonga jiwe. Wao walikuwa mbele, hawakuona. Nilifuta vumbi kwa shati langu, nikaitazama, kioo hakikuvunjika, nikasema moyoni haina neno. Tulipokaa kupumzika baba akaniuliza kama bunduki iko salama. Nikasema salama.

Alasiri alimpata kongoni mahali pazuri kabisa, amesimama ubavu. Baba hakuwa mtu wa kukosa mahali kama pale. Alifyatua, na mnyama akapigwa tumboni, akakimbia. Tulimfuata kwa damu mpaka jua likazama, na alfajiri tukaanza tena, mpaka tukawaona tai wakizunguka. Tulipofika kulikuwa hakuna wa kuchinja wala cha kuchinja. Baba alikaa chini. Alivua kofia, akayafikicha macho yake kwa viganja. Njiani kurudi nyumbani alimwambia yule mzee kwamba alimwona vizuri mnyama, au alidhani amemwona vizuri. Wiki ile ile akaenda Tabora kupima macho. Aliyempima alimwambia hayana shida kubwa. Akanunua miwani hata hivyo, akaivaa maisha yake yote, na hakushika tena bunduki.

Hiyo ndiyo miwani unayoiona kwenye picha yake ukutani. Nilikuwa naye miaka mingi baada ya hapo, Sikonge na kisha hapa Oman, nimemkata kucha na kumsomea barua alipokuwa mzee kweli, na sikumwambia.

Kwa hiyo mama yako aliposema mikono ya Hemed, mimi nilisikia macho ya baba. Watu wawili wazuri kuliko mimi katika kazi zao, na wote wawili nimewafanya wajitilie shaka, kwa sababu tu sikutaka kuonekana nimekosea.

Nilimweleza mama yako yote palepale mezani. Hakunigombeza. Alisema, "Jumamosi unakwenda Sur, Baba Raya. Nitakufulia kanzu."

Nilimkuta Hemed karakanani akipiga misumari kwenye rafu. Tulisalimiana kama watu waliojuana zamani kidogo. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea, nikasema tu, "Ile mbao niliikaza mimi, wiki ya tatu, sikungoja. Kisha nikawaambia watu ni wewe."

Alizima redio yake. Akaniuliza niliikaza lini, nikamjibu tena. Akaniuliza kama niliisikia skrubu ikigoma. Nikasema ndiyo. Akakaa juu ya rundo la mbao akaitazama mikono yake, huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo haikuwa mimi."

Hakuniambia mimi maneno hayo. Alijiambia mwenyewe.

Baadaye ndipo alipokasirika, na alikuwa na haki. Hakutukana. Aliinuka akanifungulia mlango, akasema, "Leo nenda, Said. Usinipigie. Nikiweza nitakupigia mimi." Nilirudi Ibra mikono mitupu, na nakwambia kweli, ilikuwa safari nyepesi kuliko ya kwenda.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. Hakunisalimia hata. Alisema, "Una mbao nyingine?"

Nilikuwa sina, lakini nikasema itakuja. Na kabla haijaja nilikuwa na kazi moja zaidi. Kwenye mashindano yaliyofuata nilisimama baada ya sala ya adhuhuri, chakula hakijaletwa, nikawaeleza kwa Kiarabu changu cha ofisini yaliyotokea. Hakuna aliyenipa pole wala pongezi. Kijana mmoja alicheka kidogo. Mzee wa Nizwa, yule aliyeniuliza siku ile, akasema kwa nini nawaambia leo. Nikamwambia nilipaswa kuwaambia siku ile. Akatikisa kichwa, sahani zikaletwa, tukala. Wakati wa kuosha mikono alinijia akataka namba ya simu ya Hemed. Mwingine akaichukua kutoka kwake.

Yaliyofuata unayajua, maana ulikuwepo, ingawa ulidhani ni uvivu wangu. Ile mbao ya pili iliyokaa juu ya kabati miezi saba, mama yako akiipangusa vumbi na kuuliza itashuka lini, ilikuwa inapumzika. Na Hemed aliyekuja akakaa kwetu siku nne na patasi zake mwenyewe, akikufundisha kusoma alama za rangi ya mdomo kwenye mninga, alikuwa amekwisha kuniambia simuni kwamba yeye na mimi tutamaliza hili kwa kazi, si kwa maneno. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Nilikuona umeinama karibu naye, mnakwangua unga wa mbao mwembamba kama poda, na nilitoka nje kumwagilia ndimu zisizohitaji maji.

Ile bunduki sasa inapiga sawa asubuhi na mchana. Sijawahi kushinda nayo. Nafasi yangu bora kabisa ilikuwa ya kumi na moja, na Hemed alikuwa amekaa nyuma yangu na thermosi ya kahawa akisema kwa Kiswahili, ili wengine wasifahamu, kwamba mbao haina kosa, labda wakanipime macho. Nilicheka mpaka msimamizi akanitaka nitulie. Na wewe mwaka jana kule uwanja wa mazoezi uliweka risasi tano mahali unapoweza kupafunika kwa kifuniko cha glasi. Nilifurahi, na nilikuonea wivu kidogo, na mchana wote nikawaonyesha watu ule ubao.

Habari ya babu yako haina mwisho mzuri kama huo. Nimeshamwombea dua nyingi. Ukiwa Morogoro watu watakwambia Tabora si mbali sana kwa treni, na pengine utatamani kufika Sikonge kuona lilipokuwa duka. Nenda ukipenda. Lakini sikutumi kitu, na huna wa kumwomba radhi kwa niaba yangu. Hilo ni langu, nimelizoea, na hata hivyo nalala vizuri.

Kwako wewe ndiko niliko na deni la kuomba radhi. Nilimtuma mtoto wangu mlangoni akaseme uongo kwa mtu aliyempenda, na sikumrudia kumwambia kwamba lilikuwa kosa langu. Nisamehe, Raya. Nilitakiwa kukwambia siku ile ile, nikiwa bado nimeshika kile kikapu cha tende.

Unakwenda kusomea utabibu wa wanyama. Watu watakuletea ng'ombe wao, wengine ng'ombe huyo huyo mmoja waliye naye. Siku moja utakosea dawa, au kipimo, au utachelewa. Sikuombi usikosee, maana najua wewe ni mtoto wa nani. Nakuomba tu mwenye ng'ombe asirudi kwake akidhani ni yeye aliyemlisha vibaya. Mwambie kabla hajafika nyumbani. Utaona aibu kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai, kisha itapoa.

Na likikushinda, nipigie mimi kwanza, saa yoyote. Sitakuuliza kwa nini umechelewa kusema. Mimi ndiye mtu wa mwisho duniani kuuliza hivyo.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini nawasikia wewe na mama yako chumbani mnagombana na sanduku, na sasa mnaniita nije nilikalie lipate kufungika. Kwa uzito hapa nyumbani sina mshindani.

Nakuja.

Baba yako,
Said